Antena Iliyoangalia Beni

Sisi watu wa Butembo tunajisifu, na sioni sababu ya kuficha. Mji wetu umejengwa kwa mikono ya wenyeji. Barabara ikiharibika, tunachukua majembe. Daraja likianguka, tunachanga mbao. Kitu kikikosekana hapa, mmoja wetu anapanda ndege, anakitafuta mpaka Guangzhou, kule China, na anakileta kwenye kontena. Delphin ni mmoja wa hao.

Delphin anaishi Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Katikati ya mji ana duka la vyombo vya umeme: pasi, betri, redio, televisheni. Mke wake, Nadège, analima vitunguu nyuma ya nyumba. Jioni anakuja kwenye darasa langu, mahali ninapowafundisha watu wazima kusoma. Mama mzazi wa Delphin anaishi nao pia. Jina lake ni Kavugho, lakini mtaa mzima humwita Mukaka, yaani bibi kwa Kinande chetu.

Asubuhi Nadège anawasha makaa. Mukaka anakaa mlangoni kwenye kiti chake. Anachambua maharagwe na kumsalimu kila anayepita. Usijaribu kumpita bila kuitika salamu yake. Atakuita kwa jina la baba yako, na mtaa mzima utasikia. Miguu ya Mukaka imechoka, haifiki tena hata barabarani. Sauti yake inafika.

Mukaka ana mjukuu anayempenda kuliko wote, na hafichi jambo hilo. Ni Joyeuse, binti wa kwanza wa Delphin na Nadège. Mukaka ndiye aliyemlea kule Kalunguta, kwenye njia ya Beni. Kila jioni alimpa hadithi kwa Kinande, kisha akamwambia azirudie kwa sauti. Akimeza neno, alilirudia tena mpaka litoke zima. Sasa Joyeuse ni mtu mzima. Anaishi Beni na anafanya kazi katika kituo kidogo cha televisheni.

Siku moja mwanzoni mwa juma, Joyeuse alipiga simu. Delphin aliifungulia sauti ili wote wasikie.

"Papa, samedi nitasoma habari ku televizio! Saa kumi na mbili ya mangaribi. Na nitasoma mu Kinande. Hata nyinyi ba Butembo mutaniona."

Nadège alipiga vigelegele. Mukaka aliomba apewe simu.

"Mu luga yetu? Mu televizio?"

"Ndiyo, Mukaka. Mu luga yetu."

"Basi nitakuona. Hata Mungu akiniita vendredi, nitamuambia angoje samedi ipite."

Wote walicheka kusikia Mungu akiambiwa Ijumaa angoje Jumamosi ipite, lakini Mukaka hakuwa anatania. Maisha yake yote televisheni ilisema Kifaransa na Kilingala. Yeye alikuwa akiipa mgongo. "Ile kitu iko na benyewe," alizoea kusema. "Mimi haiko yangu." Sasa ingesema lugha yake, tena kwa mdomo wa mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe.

Kulikuwa na shida moja tu. Televisheni ya Delphin haikuonyesha kitu.

Vituo vya mji wetu vilikuwa vimeacha matangazo ya zamani. Vilikuwa vimehamia matangazo ya dijitali, yale tunayoyaita TNT. Televisheni ya zamani ya nyumbani, ile yenye mgongo mkubwa, ilibaki na chenga tupu. Delphin aliitia stoo. Akatundika ukutani televisheni mpya, pana na nyembamba, aliyoileta mwenyewe kutoka Guangzhou. Kwenye katoni iliandikwa "digital" kwa herufi kubwa. Delphin alikuwa ameisifu kwa kila mteja. Lakini kila alipoiwasha, kioo kilikuwa cheusi, na maneno madogo katikati: *Pas de signal*. Maana yake, hakuna mawimbi yanayoingia.

"Ni antena," alisema Delphin.

Alikata mti wa mkaratusi, akafunga antena juu yake, akaielekeza Beni. Hakuna kitu. Kesho yake akatafuta mkaratusi mrefu zaidi. Hakuna kitu. Akaunganisha miti miwili kwa waya. Majirani walianza kusimama barabarani na kutazama juu.

"Papa Joyeuse," alisema mmoja, "ndege ya Rughenda itakuya kukaa kule juu, ikizani ni kwake!"

Delphin hakucheka. Nadège alimngoja ashuke, akamwambia polepole:

"Tuite Mama Keren, ule fundi wa mulingoti. Njo kazi yake." Kwetu "njo" ni "ndiyo".

"Mimi mwenye kuuzisha televizio mu Butembo, niite mutu anionyeshe televizio? Batanicheka mpaka ku soko."

"Basi tupeleke Mukaka kwake, aangalie kule."

"Nipelekwe na nini?" Mukaka aliuliza kutoka mlangoni. "Ku chukudu, ku magurudumu mbili ya mbao? Kama gunia ya viazi? Hapana."

"Joyeuse anaweza kututumia video mu simu, Mukaka," alisema Nadège.

"Mu simu hata mwizi anajitia mwenyewe. Mu televizio banakuita." Mukaka alirudi kwenye maharagwe yake, na maneno yakaisha hapo.

Ijumaa jioni, Mukaka aliomba atolewe kitenge chake cha sikukuu. Alikikunjua, akakilaza juu ya magoti, akakipiga pasi kwa kiganja. Kisha akamwangalia mwanawe.

"Delphin. Televizio imepona?"

Mtu anaweza kubishana na mke wake, na majirani, na hata na mteja. Lakini yule alikuwa mama yake, na kitenge kilikuwa tayari kwenye magoti. Delphin alivaa kofia yake na kutoka. Hakusema anakwenda wapi, lakini Nadège alimwona akishika njia ya kwa Mama Keren, na moyo wake ukafurahi.

Mama Keren jina lake ni Léa. Ni fundi wa mitambo ya matangazo. Anafanya kazi kwenye mlingoti ulio juu ya kilima, upande wa njia ya Lubero. Léa hajui kujishusha. Akijua kitu, atakuambia kwamba anakijua, na ukitaka atakuambia mara ya pili. Jumamosi mchana alifika kwa Delphin na mfuko begani. Alisimama uani, akatazama ile mikaratusi miwili, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Papa Joyeuse, hii antena inatafuta nini?"

"Inatafuta Beni. Joyeuse iko Beni."

"Aa! Antena haiangalie mutu mwenye kusema. Inaangalia mulingoti mwenye kutuma. Sikia. Joyeuse anasema kule Beni. Sauti yake na sura yake vinafika kwetu, ku kilima ya njia ya Lubero. Kule njo tunavitupa mu muji yote. Na wewe unatupatia mugongo."

Delphin alitazama kaskazini, mahali Beni ilipo. Kisha akageuka akatazama kusini. Kilima kilikuwa pale pale, wazi kabisa, na mlingoti unaonekana kwa macho.

"Unauona?" aliuliza Léa. "Kama jicho linaona mulingoti, antena pia itauona. Haiombe muti murefu. Inaomba njia yenye haina kilima wala nyumba kubwa mbele yake. Teremusha ile miti yako, isiangukie mutu."

Delphin alifungua waya, lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Kuna jambo lilimsumbua.

"Mais lakini, Mama Keren, ile televizio ya Beni ni kadogo. Ilipata wapi feza ya kusimamisha mulingoti huku Butembo?"

"Haikusimamisha. Njo uzuri ya TNT. Wewe ukileta muzigo yako, unalipa camion, lori nzima, peke yako?"

"Hapana. Tunajiunga. Kila mutu analipa nafasi yake mu camion."

"Njo vile vile. Zamani kila televizio ilikuwa na mulingoti yake, mashini yake, mafuta yake ya mazout. Televizio moja ilikula njia nzima ya hewani. Benye feza kidogo bakabaki inje. Sasa tunapakia televizio mingi mu njia moja, kama camion moja ya kutoka Lubero: viazi vya huyu, maharagi ya yule, na kuku za mama fulani juu. Mazout ni ya bote. Ile camion tunaiita multiplex. Ile ya Beni imelipa nafasi yake kadogo, na leo iko Butembo."

"Na zile njia zingine, zenye zimebaki wazi?"

"Serikali inaweza kuzipatia kazi ingine, kama internet ya ma telefone. Njia ya hewani ni kama shamba. Hakuna mwenye kuongeza ingine. Donc basi, tunalima vizuri hii tuko nayo."

Delphin aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hesabu hiyo aliielewa vizuri, kwa sababu ndiyo hesabu ya Butembo tangu zamani: mmoja hawezi, basi tujiunge.

Aliifunga antena pembeni mwa paa, akaigeuza ikaangalia kilima. Wakaingia ndani, wakawasha televisheni. *Pas de signal*.

Nadège alimtazama Mukaka. Mukaka alikuwa ameshavaa kitenge.

"Nionyeshe mugongo ya televizio," alisema Léa.

Waliishusha ukutani. Nyuma kulikuwa na karatasi ndogo yenye maandishi mengi ya Kichina. Chini kabisa kulikuwa na herufi zetu.

"Soma, Mama Joyeuse," alisema Léa. "Uko karibu."

Nadège alipangusa vumbi. Aliweka kidole chini ya kila herufi, kama tunavyofanya darasani. "D. T. M. B." Nakiri hapa kwamba niliposimuliwa jambo hili nilivimba kichwa, maana ni mwanafunzi wangu.

"Basi," alisema Léa. "Ile njo shida."

"Shida gani?" Delphin alipandisha sauti. "Iliandikwa digital!"

"Ni digital ya China. Kila inchi ilichagua namna yake ya kufunga muzigo. Bachina banafunga na DTMB. Sisi huku, na inchi mingi za bajirani, tulichagua DVB-T2. Televizio yako ni muzima, ni muzuri. Mais inajua kufungua paketi ya kule tu. Tunaipatia yetu, inasema hakuna kitu."

Delphin alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Hakuwa anafikiri tena juu ya televisheni moja. Stoo yake ilikuwa imejaa nyingine za namna hiyo, na nyingine zilikuwa zimeshafika nyumbani kwa wateja.

"Nimeuzisha batu," alisema. "Nimebaambia ni muzuri."

"Haziko za kutupa, Papa Joyeuse. Usilie na maiti haijafika." Léa alifungua mfuko wake, akatoa kisanduku cheusi, kidogo kama kitabu cha nyimbo. "Hii ni décodeur. Angalia chini yake: DVB-T2. Na hapa: MPEG-4. Ile ya pili ni namna ya kukunja picha ili ikamate nafasi kidogo. Zote mbili zikuwe pale. Waya ya antena inaingia ku décodeur. Décodeur inafungua paketi, inaipatia televizio. Hata ile yako ya mugongo mukubwa, yenye ulitia mu stoo, itaonyesha. Ile tutaifunga na waya ya rangi tatu: nyekundu, nyeupe, manjano."

"Hata ya zamani?"

"Hata ya zamani. Batu banatupa televizio bure. Televizio haikufa. Ilikosa mutu wa kuitafsiria."

Léa alifunga dekoda kwenye ile televisheni pana. Kioo kikawaka. Mistari miwili ikatokea, ya nguvu na ya usafi wa mawimbi. Ule wa usafi ulikuwa mfupi sana.

"Sasa musikilize," alisema. "Zamani picha mbaya ilikuambia unakaribia. Uliona chenga, ukageuza kidogo, ikakuwa muzuri. Digital haiko vile. Ni picha safi, ama hakuna picha. Donc hatuangalie picha. Tunaangalia huu musitari. Papa Joyeuse, kwenda ku antena. Geuza polepole, kadogo kadogo, ungoje."

Delphin alipanda ngazi nje. Nadège alikaa mbele ya kioo. Lakini kutoka kwenye kioo mpaka kwenye antena palikuwa mbali, na sauti ya Nadège ni ya upole. Delphin hakusikia kitu.

"Mama wee," alisema Mukaka, "mutaniua na polepole yenu. Uniambie mimi."

Basi ikawa hivi: Nadège alitazama mstari, Mukaka akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Bado!" Delphin akageuza. "Bado! Bado, nimesema! Umepita! Rudi! Kidogo... Simama! Delphin, simama pale pale, usipumue!"

Mstari ulikuwa mrefu na wa kijani. Mtaa mzima ulikuwa umesikia, na nusu ya mtaa ilikuwa tayari uani. Léa alibonyeza kitufe cha kutafuta vituo. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, moja baada ya jingine. Nadège aliyasoma kwa sauti. Alipofika kwenye lile la kituo cha Beni, alilisoma tena, kwa sababu lilikuwa tamu.

"Hii yenye picha ya kufuri ni ya nini?" aliuliza Delphin aliporudi, huku akijipangusa mikono.

"Ni ya kulipa kila mwezi. Ukitaka ile, unachukua abonnement. Mais hizi zingine ni za bure, na za kwetu ziko humu. Unanunua décodeur mara moja, basi. Ukienda kununua, uulize kwanza: inaonyesha za bure bila carte ya kulipia? Na usilipe kama haijawaka mbele ya macho yako."

Leo ukipita dukani kwa Delphin, utaona antena juu ya paa, inaangalia kilima. Hauzi televisheni wala dekoda bila kuiwasha kwanza mbele ya mteja. Wale aliowauzia zamani aliwatafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mpaka Kalunguta, akawafungia dekoda bila faida yoyote. Siku hizi akienda Guangzhou, anageuza kila televisheni na kusoma mgongo kabla ya kuuliza bei. Wafanyabiashara wenzake walimcheka kidogo, kisha wakaanza kusoma migongo wao pia. Kuuliza si ujinga, na katika biashara ni faida.

Lakini nilikuwa ninawasimulia Jumamosi ile.

Jua lilipokuwa linashuka, sebule ya Delphin ilikuwa imejaa. Léa alikuwa amewaita watu wa nyumba yake, maana dekoda ilikuwa ni yake na kwake hapakubaki kitu cha kutazama. Wengine walisimama dirishani. Mukaka alikaa mbele, katikati, na kitenge chake cha sikukuu. Hapana mtu aliyethubutu kukaa mbele yake.

Saa kumi na mbili, muziki mfupi ulilia. Na Joyeuse akatokea. Alikuwa amesuka nywele vizuri. Sura yake ilikuwa safi, bila chenga hata moja, kubwa kuliko ilivyo kweli. Nadège alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Delphin alisimama wima kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa.

"*Wasibire*," alisema Joyeuse. Ndiyo salamu yetu ya jioni.

Na Mukaka akaitika. Aliitika kikamilifu, kama inavyotakiwa. Akauliza habari za afya, na za nyumbani, na za kazi. Sebule nzima ilimngoja mpaka alipomaliza, na hakuna aliyecheka. Kisha akasikiliza habari zote: bei ya kakao, barabara ya Eringeti, shule zilizofunguliwa. Kila neno lilikuwa lake. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza kitu. Machozi yalimshuka, na aliyaacha yashuke.

Habari zilipokwisha, alimgeukia Léa.

"Amenisikia vile nimeitika?"

"Hapana, Mukaka. Televizio inakuya, hairudie."

"Basi mumupigie simu. Salamu haiachwe mu njia."

Delphin alipiga. Huko Beni, Joyeuse alishika simu mara moja.

"Papa? Mumeniona? Mukaka ameniona?"

Mukaka alichukua simu. "Nimekuona. Nimeitika."

Joyeuse alianza kulia. Mukaka alimngoja kidogo, si sana.

"Na neno moja umelimeza, pale ku habari ya barabara. Rudilia."

Kwenye simu, kutoka Beni, msomaji wa habari alipangusa pua, akavuta pumzi, akalirudia lile neno kwa sauti, herufi zote.

"Ee," alisema Mukaka. "Sasa njo vile. Samedi ingine nitakuwa hapa."